Uzio Huugua Mguuni: Dalili, Sababu na Tiba za Uzio na Majengo Madogo ya Uani

Mvua ya Aprili ikishika, simu yangu haipumziki, na ya Oktoba huja na zamu yake. Maneno ni yale yale. "Fundi, uzio umelala." "Fundi, ukuta umefungua mdomo." "Fundi, geti halifungi, njoo leo." Karibu wote hunieleza kwamba ni upepo. Upepo ulimalizia tu. Nikifika kwa mtu, kabla sijatazama kilichoinama, nachuchumaa na kukwangua udongo chini, kwa sababu uzio huugua mguuni, pale mti au tofali linapokutana na ardhi na maji. Kuinama ni homa, lakini ugonjwa ulianza miaka miwili mitatu nyuma.

Nimepanga maelezo haya kwa dalili ambazo watu huniletea mara kwa mara, hapa Uganda, Wakiso na Mukono zaidi, na nyingine kutoka Arua nilikokulia na Mbarara kwenye mashamba ya ng'ombe. Chini ya kila dalili, sababu zinafuatana kuanzia ile ninayokutana nayo mara nyingi. Usiruke ukaguzi mwepesi ukakimbilia saruji. Unahitaji bisibisi ndefu, pimamaji, jembe, ndoo ya maji, penseli, na uzi uliofungwa jiwe ncha moja. Hiyo ndiyo timazi ya maskini, na haidanganyi.

Dalili ya 1: Nguzo za miti zinayumba, au zimekatika usawa wa ardhi

Shika nguzo kifuani, sukuma na uvute. Kisha chimba sentimita 15 kuizunguka na uchome bisibisi pale ilipokuwa imefunikwa. Mti mzima utakataa. Bisibisi ikizama kama kwenye muhogo uliochemshwa, nguzo hiyo imekwisha, hata kama juu inang'aa rangi mpya.

*Kuoza mguuni.* Hii ndiyo sababu ya kwanza, na nyingine ziko mbali nyuma yake. Mti uliozama chini kabisa huoza polepole kwa kukosa hewa, na ulio juu hukaushwa na jua. Katikati, kwenye kipande cha kiganja kimoja juu na chini ya uso wa ardhi, maji na hewa hukutana na kuvu hufanya karamu. Juu ya vilima, moramu nyekundu, ule udongo wa changarawe, hupitisha maji na nguzo hudumu kiasi. Bondeni, kwenye mfinyanzi unaoshika maji, mkalitusi mbichi usiotiwa dawa unaweza kukuaga kabla hujamaliza kulipa deni la kuununua.

Hapa nina kesi dhidi yangu mwenyewe. Nilipoanza kazi nilijenga uzio nyumbani, nikamwaga zege kuzunguka kila nguzo na kuliacha limebonyea kama bakuli. Nilijisifu. Mvua ikawa inajaa kwenye bakuli zile, na mti ukawa unakunywa usiku na mchana. Mwaka wa tatu nguzo 11 kati ya 14 zilikatika kama biskuti. Zege si kosa, ila umbo lake lilikuwa kosa.

Tiba: kama ni nguzo moja au mbili, piga nguzo fupi ya dawa au ya zege kando yake na uzifunge pamoja kwa boliti. Kama ni nyingi, ng'oa. Shimo jipya lichukue robo hadi theluthi ya urefu wa nguzo, yaani nguzo ya mita 2.4 izame sentimita 60 hadi 80. Weka sentimita 10 za kokoto chini ili maji yapate njia, simamisha, rudisha moramu kidogo kidogo ukishindilia kwa mtaimbo kila sentimita 15. Ukitaka zege, lipandishe juu ya uso wa ardhi na ulilaze kuelekea nje, kama paa.

Nguzo zilizotiwa dawa, zile za rangi ya kijanikijani, ni ghali lakini mimi sina tena ubishi nazo. Mambo mawili tu. Ukilazimika kuikata, upande uliokatwa uwe juu, kwa kuwa dawa haifiki moyoni mwa mti na kidonda kile kikizikwa kitaoza. Na mabaki yasiende jikoni. Dawa hiyo mara nyingi ina aseniki, na moshi na majivu yake ni sumu. Nimekuta watu wanapikia maharage kwa vipande vile.

*Mchwa.* Kuoza huanza nje kwenda ndani. Mchwa hufanya kinyume, hula ndani na kukuachia ganda. Gonga nguzo kwa mpini wa panga usikie kama inalia debe tupu. Tafuta vijia vya udongo vinavyopanda juu ya mti au juu ya zege. Ukiviona, vunja kimoja na urudi kesho yake. Kikiwa kimezibwa, wenyewe wapo nyumbani.

Kumwaga oili chafu ya gari shimoni ndiyo dawa ya mtaa. Huwazuia kwa muda mfupi, kisha inabaki kwenye udongo wako na kisimani kwa jirani. Siiweki. Ni bora nguzo yenye dawa tangu kiwandani, na kama kichuguu kiko karibu, malkia atolewe. Hapo ndipo ugomvi unapoanza, maana kwetu kichuguu kizuri kina mwenyewe, na mwenyewe anasubiri kumbikumbi. Zungumzeni kwanza. Simama umwite mtu wa dawa mwenye kibali ikiwa vijia vya mchwa vimefika kwenye nyumba, au kichuguu kiko chini ya msingi. Dawa za kumwaga ardhini si za kupimia kwa kizibo cha chupa ya soda.

*Shimo fupi.* Ni rahisi kugundua: mti ni mzima, bisibisi haiingii, lakini nguzo inacheza. Vibarua waliolipwa kwa idadi ya mashimo huchimba mpaka wanapokutana na jiwe na kukata nguzo ilingane. Hakuna ujanja, ni kuchimba upya.

Kuna njia ya wazee ambayo bado naipenda mashambani: nguzo hai. Gogo la mutuba, mti ule wa vitambaa vya magome, au la mjirikiti, likichomekwa mwanzo wa mvua huota mizizi na haliozi. Lakini usilipande karibu na ukuta wa tofali wala shimo la maji machafu. Mutuba ni wa jamii ya mikuyu, na mizizi yake haina adabu.

Dalili ya 2: Seng'enge au cheni linki imelegea

Wengi hukaza waya tu, na baada ya mwezi umelegea tena. Waya hauna kosa. Tazama nguzo ya pembeni, ile inayobeba mvuto wote. Karibu kila mara imeinama kuelekea ndani ya mstari kwa sababu haina mguu wa kuikinga. Irudishe wima, weka mhimili wa mshazari kutoka kati yake hadi chini ya nguzo ya pili, ndipo ukaze.

Sababu ya pili ni misumari ya U iliyopigwa mpaka mwisho. Waya uliobanwa hukatika au huchunika zinki na kupata kutu. Uachiwe nafasi ya kuteleza, na msumari upigwe kwa mshazari usifuate mstari mmoja wa nyuzi za mti. Ya tatu ni ng'ombe. Kule Kiruhura na Mbarara nimeona ng'ombe wa Ankole akijikuna shingo kwenye nguzo hadi ikalia. Kwa pembe zile, nafasi ya mita 3 kati ya nguzo ni ukarimu mno. Weka mita 2, na mpe mahali pengine pa kujikuna.

Waya uliokazwa ukikatika hurudi kama mjeledi. Vaa glavu na miwani, na usisimame kwenye mstari wake.

Na kuhusu uzio wa umeme: usiunganishe kamwe waya wa uzio moja kwa moja na umeme wa nyumbani. Nimeona mtu amefanya hivyo kulinda kuku. Mashine halali hutuma mshtuko mfupi wa kupigapiga, lakini umeme wa nyumbani unashika na hauachii, na mtoto wa jirani hajui kusoma kibao. Hii ni kazi ya fundi umeme mwenye leseni, mwanzo hadi mwisho.

Dalili ya 3: Ukuta umepasuka, umefanya tumbo, au umeinama

Hapa nitakaa, kwa sababu nguzo ikianguka inakugharimu pesa, ukuta ukianguka unaua. Kampala ina vilima na mabonde, viwanja vimekatwa ngazi ngazi, na nusu ya kuta tunazoziita uzio zinazuia kilima cha jirani bila kujengwa kwa kazi hiyo.

Usianze na plasta. Soma ufa kwanza, maana umbo lake linakueleza.

*Ufa wa wima, mwembamba kama unywele.* Ndio wa kawaida zaidi na ndio mwepesi. Ukuta mrefu ulijengwa bila kiungo cha kupumulia, saruji ikasinyaa ilipokauka, jua likaupanua, ukachagua mwenyewe pa kufunguka. Pitisha penseli kwenye ncha za ufa, andika tarehe, subiri msimu mmoja wa mvua. Usipotembea, jaza na usahau. Ukijenga ukuta mpya, acha mwanya wa sentimita 1 au 2 kila mita 6 hivi, nguzo ziwe mbili mbili hapo. Fundi atakuambia haina haja. Ina haja.

*Ufa wa ngazi, unaopanda kwa kufuata viungo vya tofali.* Msingi unazama upande mmoja. Nenda na sababu hizi kwa mpangilio:

- Maji ya paa yanaanguka mguuni mwa ukuta. Mwaga ndoo moja ya maji pale na uangalie yanaenda wapi. Yakikaa, umepata mshitakiwa. Gata na mtaro wa zege ni nafuu kuliko ukuta.
- Udongo wa kujaza haukushindiliwa. Muulize jirani mkongwe zamani palikuwaje. Ukisikia "palikuwa na shimo," endelea kuuliza.
- Choo cha zamani kilichofukiwa. Hiki huwaponza wengi kwenye viwanja vilivyokatwakatwa na kuuzwa upya. Juu panaonekana imara, chini ni takataka zinazoendelea kuoza na kushuka.
- Kichuguu kilichokatwa kichwa na kujengewa juu. Ndani bado kuna mapango.
- Mizizi. Chimba kando, utaiona.
- Udongo mweusi unaovimba ukinywa na kupasuka ukikauka, kama sehemu za uwanda wa Kasese. Hapo msingi wa kawaida haufai, na mimi mwenyewe humwita mhandisi.

*Ufa wa mlalo chini, pamoja na tumbo.* Udongo wa nyuma unausukuma ukuta. Kavu, unavumilika. Ukishiba mvua uzito huongezeka na maji nayo husukuma, na ukuta wa bloku moja haukuzaliwa kwa vita hiyo. Tazama kama kuna matundu ya kutolea maji. Kama hayapo, au yapo yamezibwa na plasta ili ukuta "upendeze," umepata jibu. Mara nyingine jirani wa juu amejaza udongo upya bila kukuambia, au amepanda nyasi za paspalum na anazimwagilia kila jioni.

Ukuta unaozuia udongo unahitaji paipu za plastiki za inchi 2 kila mita 1.5 hadi 2, karibu na chini, na nyuma yake safu ya kokoto ili matope yasizibe. Kwa ukuta ulio wima bado, matundu unaweza kutoboa. Kwa ukuta uliokwisha kufanya tumbo, usitoboe. Kila pigo la nyundo ni turufu kwa udongo.

*Kuinama bila ufa.* Shusha timazi kutoka juu, pima chini. Kwa ukuta wa bloku moja wenye mita 2 hivi, ukipita sentimita 3 mimi nasimamisha kazi zote na kuwatoa watu. Hiyo ni sheria yangu, kali makusudi.

*Tofali linabomoka kama keki.* Tofali la kuchoma lililoiva nusu halistahili kwenda chini ya ardhi, na mchanga wenye tope huvunja ndoa ya saruji. Jaribu mchanga kabla lori halijamwaga: tia kwenye chupa ya plastiki, ongeza maji, tikisa, uache usiku mzima. Tope litakaa juu ya mchanga. Kwa sentimita 12 za mchanga, tope lisizidi sentimita 1. Wauza mchanga hawanipendi kwa sababu ya chupa hii.

Simama, toa watoto na magari, umwite mhandisi ukiona lolote kati ya haya: ukuta unaozuia udongo umefanya tumbo, ufa unapitisha kidole, ufa umekua tangu ulipouandikia tarehe, ukuta umeinama kuelekea njia ya watu, shule au nyumba, maji ya matope yanatoka chini ya msingi. Usichimbe mguuni mwa ukuta ulioinama eti uutie nguvu. Mguu huo ndio kitu cha mwisho kinachoushikilia. Na usiegemeze magogo ukalala, halafu mvua ije usiku.

Dalili ya 4: Rangi inabanduka na plasta inatoka, chini tu

Bustani ya maua imeinuliwa hadi ukutani. Hiyo ndiyo sababu, na nakaribia kusema basi. Udongo wa maua huwa na unyevu daima, ukuta unaufyonza, chumvi nyeupe inajitokeza, rangi inaachia. Shusha udongo, acha mwanya wa kiganja kimoja ujazwe kokoto kati ya bustani na ukuta, subiri ukauke wiki kadhaa kabla ya kupaka. Ukipaka juu ya unyevu umechoma pesa.

Rangi ikibanduka juu badala ya chini, ukuta hauna kofia. Weka kofia ya zege inayojitokeza kila upande, yenye mfereji mdogo kwa chini ili tone lidondoke badala ya kutambaa.

Dalili ya 5: Geti linakwaruza chini, halifungi

Kwanza lifungue nusu, shika ncha yake, inyanyue. Bawaba zikicheza, kaza au badilisha, ni kazi ya dakika chache. Wengi huruka hatua hii wakakata chini ya geti kwa gurainda. Geti likaendelea kushuka, wakakata tena. Nimewahi kukuta geti ambalo paka alipita chini yake bila kuinama.

Bawaba zikiwa nzima, weka timazi kwenye nguzo. Nguzo imeegemea kwa sababu geti ni zito na msingi wake ni mfupi. Geti la chuma la gari halibebwi na nguzo ya tofali tupu. Linataka nondo nne ndani, zege, na msingi wake wenyewe. Kama nguzo iko wima, basi fremu yenyewe imelegea. Mhimili wa mshazari uanzie chini upande wa bawaba, na kupanda hadi juu upande wa komeo. Ukiwa wa waya wa kuvuta, uwe kinyume: juu kwenye bawaba, chini kwenye komeo. Mafundi wengi huuweka upande wowote unaopendeza, na hapo haubebi kitu.

Geti la kuteleza likikwama, fagia reli kabla ya kumpigia mtu simu. Kokoto moja inatosha.

Ukichomelea chuma chenye zinki, ikwangue kwanza na ufanyie nje penye upepo. Moshi wake mweupe huleta homa na kutetemeka jioni ile ile, na watu hudhani ni malaria.

Dalili ya 6: Uzio wa mimea una mapengo au unakauka

*Mapengo chini, msitu juu.* Mimea iliachwa irefuke upesi bila kukatwa ikiwa michanga. Kila mtu anataka faragha kesho. Duranta na kei apple, vichaka vya uzio, hustahimili kukatwa sana: mwanzo wa mvua ishushe hadi magotini, kisha iwe pana chini na nyembamba juu, ili majani ya chini yapate jua. Pengo la kudumu lipande upya kwa safu mbili za kupishana.

Saipresi ni hadithi nyingine. Ukikata hadi kwenye mti wa kahawia usio na majani, haichipui tena. Mwanya huo ni wa milele. Saipresi ikigeuka kahawia matawi kwa matawi na kuwa na masizi meusi yanayonata, chunguza chawa wa saipresi, mdudu aliyeingia Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1980. Kata matawi yaliyoshambuliwa mapema, au panda kitu kingine.

*Mbuzi.* Sina la kuongeza. Weka waya mpaka mimea ifike kiunoni.

Kuna mimea ya kuogopa kidogo. Utomvu mweupe wa mnyaa ukiingia jichoni unachoma vibaya na unaweza kuharibu uwezo wa kuona. Kata ukiwa na miwani, na ukirukiwa suuza kwa maji mengi safi na uende hospitali papo hapo, usisubiri kuona kama utapona. Ule uzio wenye maua ya njano ya tarumbeta na mbegu ngumu, thevetia, una sumu ya moyo. Nyumba yenye watoto wadogo haiuhitaji. Matunda ya duranta, yale mazuri ya rangi ya dhahabu, nayo hayaliwi.

Dalili ya 7: Pevas (vitofali vya zege vya kusakafia ua) zimezama na maji yanatuama uani

Kama zimezama kwenye njia za matairi tu, chini hapakushindiliwa: toa, jaza moramu, shindilia kwa mashine, mchanga sentimita 3 hadi 5, rudisha. Kama zinasambaa pembeni, hakuna ukingo wa zege unaozibana. Kama zimezama mahali pamoja kama sahani, simama. Huenda chini kuna paipu iliyopasuka au shimo la maji machafu linalodidimia. Choma kwa chuma kirefu ukiwa umesimama mbali, na usimruhusu mtu kuegesha gari hapo.

Dalili ya 8: Kibanda kinavuja au kinapinda, kinara cha tanki kimeinama

Banda la nyasi huvuja kwa sababu paa limelala mno. Nyasi zinataka mwinuko wa kama nyuzi 45. Chini ya hapo maji hutembea polepole na kuzama. Kuongeza nyasi juu ya paa lililolala ni kuongeza uzito tu. Mabati yakivuja, tazama misumari: ipigwe juu ya mgongo wa bati, siyo bondeni ambako maji hupita. Kibanda kikipinda, rudi Dalili ya 1. Nguzo ni nguzo.

Tanki ni jambo la kukosesha usingizi. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tanki la lita 5,000 lililojaa ni tani 5 zilizosimama juu ya vyuma vyembamba, mara nyingi karibu na jikoni. Ukiona mguu mmoja wa kinara umezama, au chuma kina kutu ya kubanduka karibu na zege, fungua koki umwage maji yote kwanza, hata kama ni wiki ya ukame. Usipande. Usiweke jeki ikiwa limejaa. Mchomeleaji aje tanki likiwa tupu, na msingi aupime mtu anayejua kuupima. Kisha ziba koki inayodondosha, maana tone lile, mwaka mzima mahali pamoja, ndilo lililolainisha ardhi.

Kabla ya kujenga upya

Baadhi ya simu hazina tatizo la fundi. Mzee mmoja aliniita mara ya tatu kwa uzio ule ule, nguzo zote nzima, zimeng'olewa usiku. "Fundi, safari hii tia zege zaidi." Nikamjibu, "Mzee, hili si la zege. Jirani ana neno." Ilibainika mpaka haukuwahi kufunguliwa, yaani kupimwa na kuonyeshwa ardhini, tangu kiwanja kinunuliwe. Hapo anahitajika mpima ardhi mwenye leseni, afukue mawe ya mpaka mbele ya majirani na mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), na watu waweke sahihi. Ikiwa una kibanja, yaani unakaa juu ya ardhi ya mailo ambayo hati yake ni ya mtu mwingine, zungumza na mwenye hati kabla ya kupandisha ukuta wa kudumu. Na kwa ukuta wowote, pita ofisi ya mipango ya mji wako uulize kibali. Foleni ya pale ni fupi kuliko ile ya kesi.

Kisha chagua kwa kufuata ardhi, siyo kwa kumuiga jirani. Kilimani penye moramu, ukuta sawa, ukiwa na njia za maji. Bondeni, waya na nguzo za dawa pamoja na kei apple, maana uzio mwepesi hauzami na maji hupita katikati yake. Kinamasini, usijenge. Kanuni za mazingira za Uganda za mwaka 2000 zinatenga ukanda wa mita 200 kutoka ukingo wa Ziwa Viktoria, na mwaka 2024 NEMA, mamlaka ya mazingira, ilibomoa nyumba katika kinamasi cha Lubigi; ukuta wa uzio hautaulizwa umegharimu kiasi gani.

Mimi sichimbi shimo la kwanza mpaka nimekiona kiwanja kikinyeshewa. Mwenye kiwanja husimama barazani na chai, mimi natembea na mwavuli na vijiti, nachomeka kijiti kila maji yanapopita. Uzio haupiti penye vijiti bila tundu.